Majani ya Ghuba ya Tatu

Siku ile tulikuwa watu sita. Alikuwepo Mama. Nilikuwepo mimi, kifungua mimba, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Alikuwepo mdogo wangu Odhis, aliyekuwa na saba, na Achieng', wa mwisho, ambaye bado alikuwa anabebwa mgongoni. Alikuwepo Min Awuor, yaani mama yake Awuor, rafiki ya Mama tangu wakiwa wasichana, ambaye tulifikia kwake kule ziwani. Na alikuwepo Awuor mwenyewe, wa rika langu, mwembamba, mwenye miguu mirefu iliyojaa mikwaruzo ya mawe. Nawataja wote kwa sababu wawili kati yao wameshazikwa, na kati ya tuliobaki ni mimi na Awuor tu tunaojua ilivyokuwa.

Kilichonirudisha huko ni harufu. Majuzi Odhis alipata kibarua cha kutoa magugu kwenye bwawa letu la Silanga, hapa Nairobi, tunaloliita Dam. Wanayavuta kwa reki na kamba, wanayarundika kando yaoze. Jioni alipita kwangu hapa Kawangware, karibu na steji ya matatu ya 56, akaacha gambuti zake za mpira mlangoni. Nilikuwa namsuka mteja, nimefika katikati ya kichwa. Ile harufu ikaingia: matope, mizizi mibichi, na utamu fulani wa kuoza, kama maji ya kuoshea mboga yaliyosahaulika ndani ya beseni. Vidole vyangu vikasimama. Mteja akaniuliza kama nimeishiwa na nywele. Nikamwambia hapana, nilikuwa nafikiria tu.

Sisi tulikulia Silanga, mstari wa mwisho wa nyumba kabla ya bwawa. Lakini maji ya bwawa hilo sikuwahi kuyaona nikiwa mtoto. Kilichokuwepo ni majani mapana ya kijani, yenye maua ya zambarau, yaliyoanza pale takataka zilipoishia na kwenda mpaka ng'ambo. Wanaume waliingia humo na mapanga. Kandokando walipanda nduma na sukuma. Kulikuwa na vijia juu yake, na sisi watoto tulipita vijia hivyo kufuata mipira yetu ya karatasi. Majani yalitikisika chini ya miguu kama godoro, lakini yalitubeba. Mama akitukuta huko alitupiga. Tulidhani anatupiga kwa sababu ya kuchafua nguo.

Shule zilipofungwa mwaka ule, Mama alisema tunaenda kuona ziwa. Hatukuwahi kwenda popote. Nilimwangalia akipanga mizigo nikashangaa jinsi safari zilivyo, maana alikunja nguo zetu zote, hata sare za shule, hata sweta ya Odhis iliyokuwa bado kubwa kwake. Kadi zetu za kliniki na vyeti vya kuzaliwa alivitia kwenye bahasha, bahasha akaiweka chini kabisa ya begi. Vitu vyake yeye vilikuwa rinda moja na dawa ndani ya mfuko wa karatasi. Nilidhani ametuachia nafasi. Alikuwa amekonda sana siku hizo, na hilo pia nililielewa kwa akili yangu: nilijua anakula kidogo ili tupate nauli.

Nyumba ya Min Awuor ilikuwa juu ya mteremko wa mawe, na chini yake ziwa. Mbele ya nyumba walikuwa wametandaza nyavu kuukuu na juu yake omena wakikauka, wakimeta kama misumari. Kila kitu kilinuka samaki, hata chai. Mama na Min Awuor walikaa kwenye kivuli cha paa wakiongea Kijaluo haraka haraka. Mimi Kijaluo changu kilikuwa cha salamu na chakula. Kule kwetu tulicheza na Waluhya na Wakamba, na sote tulikutana katika Kiswahili. Kwa hiyo nilichokiona ni midomo tu. Nilimwona Mama akilia kidogo, na Min Awuor akimshika kifundo cha mkono, akikishika muda mrefu kama mtu anayepima kitu. Nikamwambia Odhis kwamba watu wazima wakionana baada ya miaka mingi hulia kwa furaha.

Asubuhi yake Min Awuor alimwambia binti yake atuzungushe ufukweni, atuonyeshe kila mahali, tusirudi mapema. Achieng' alibaki. Sikujiuliza kwa nini tusirudi mapema.

Ufuo wa pale haukuwa mchanga kama wa kwenye kalenda. Ulikuwa majabali meusi yaliyobanana mpaka ndani ya maji, na katikati yao ziwa lilikuwa limekata ghuba ndogondogo, nyingine hazikuzidi nyumba yetu ya Silanga kwa ukubwa. Hungeweza kwenda kutoka moja hadi nyingine bila kupanda. Awuor alipanda bila kuangalia, kama mtu anayepanda ngazi za kwao. Sisi tulitambaa. Mawe yalikuwa yameshapata moto wa jua na yalichoma viganja, halafu ukiteleza upande wa kivulini unakuta utelezi wa kijani, baridi kama ulimi.

Katika ghuba ya kwanza kenge alijitupa majini kutoka juu ya jiwe na Odhis akapiga kelele kwamba ni mamba. Awuor alicheka. Alishuka mpaka kiunoni, akaingiza mikono chini ya mwamba, akatoa samaki mdogo anayerukaruka, akamwekea Odhis kwenye kiganja. Odhis alimwangusha. Awuor akacheka tena, si kwa ubaya, lakini mimi nilikuwa nahesabu kila kicheko.

Kufika ghuba ya pili ilibidi tupite ukingoni mwa genge refu, migongo yetu ikigusa mwamba na vidole vya miguu vikiwa hewani. Nilimshika Odhis shati. Kabla ya kuona kitu tulisikia mngurumo, nikafikiri ni posho mill, mashine ya kusaga unga. Tulipozunguka kona, tukayaona maji. Yalitoka juu kabisa ya genge, meupe, yakaanguka kwenye jiwe, yakavunjika, yakaanguka tena, mpaka ziwani. Upepo wake ulitulowesha nyuso. Ndege weusi walikuwa wanapita nyuma yake.

Odhis akauliza kwa sauti ya mtu aliyeshtuka kweli, "Sista, nani ameacha bomba wazi?"

Sikumcheka, kwa sababu mimi nilikuwa naangalia foleni ya mitungi iko wapi. Nilikuwa nimeshaanza kupanda kidogo kwa macho, nikitafuta pale juu mahali pa kufungia. Kwetu mtu akiacha maji yamwagike hivyo, wapangaji wa plot nzima wangetoka nje kumtukana. Nikamuuliza Awuor mwenye maji haya ni nani.

Awuor alikaa chini kwa kicheko. Alicheka mpaka akashika mbavu. Alipopata pumzi alisema, "Nyinyi ni watoto wa bomba," na jina hilo likatufuata. Watoto wa bomba, pandeni hapa. Watoto wa bomba, msishike huo, una miiba. Odhis alilipenda, akaanza kujiita hivyo mwenyewe. Mimi kila aliposema niliona uso ukiniwaka. Nyumbani nilikuwa mtu. Nilijua kuteka maji, kuwasha jiko, kumnyamazisha Achieng', kumjibu mwenye nyumba akija Mama akiwa hayupo. Pale ziwani sikujua hata mahali pa kuweka mguu.

Ghuba ya tatu tuliiona kwa juu. Ilikuwa nyembamba, imezungukwa na mawe pande tatu, na ndani yake hakukuwa na tone la maji linaloonekana. Ilikuwa imejaa majani mapana ya kijani yenye maua ya zambarau, yametulia, kutoka jiwe hadi jiwe.

"Ona Dam," Odhis akasema.

Siwezi kueleza jinsi moyo wangu ulivyotulia. Tulikuwa tumefika mahali ninapopajua. Awuor alisema upepo wa usiku ndio ulioyaleta, kwamba jana hayakuwepo na kesho pengine yataondoka. Nilimsikia lakini sikumwamini, maana majani ninayoyajua hayaendi popote. Kisha akaonyesha kichaka upande wa juu, akasema kuna matunda madogo meusi matamu, anaenda kutuchumia. "Kaeni hapo juu ya jiwe," alisema. "Msishuke. Narudi sasa hivi."

Aliyasema wazi, kwa Kiswahili, na mimi niliyasikia wazi.

Lakini nilishaona picha kichwani. Awuor anarudi na matunda yake, anakuta Odhis amesimama katikati ya ghuba, juu ya kijani, akimpungia mkono. Awuor ananyamaza. Basi. Hicho tu ndicho nilichotaka, anyamaze mara moja. Tulishuka mpaka ukingoni. Odhis aliniangalia.

"Enda," nikamwambia. "Kanyaga tu kama kwetu. Nakufuata."

Alikwenda. Hakusita, kwa sababu ni mimi niliyesema. Hatua ya kwanza majani yalitikisika kama godoro, nami nikatabasamu. Ya pili pia. Ya tatu akageuka kuniangalia, anacheka. Halafu hakuwepo.

Hakukuwa na kelele. Majani yalifungana, maua yakatikisika kidogo, yakasimama. Nilibaki nimesimama na tabasamu langu. Sikuogopa bado, na hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo: nilidhani ameinama. Nilingoja ainuke. Niliangalia pale mahali kama mtu anayeangalia mlango uliofungwa, akijua aliye ndani atatoka.

Matunda yaliyomwagika juu ya mawe ndiyo niliyoyasikia kwanza, kisha miguu ya Awuor. Alishuka yale mawe kwa njia ambayo sikuiona. Alifungua leso kiunoni mwake, akanitia ncha moja mkononi, akasema, "Shika. Usiache." Hakukanyaga majani. Alilala kifudifudi juu yake, akajinyoosha, akajisukuma kwa magoti kama yule kenge, leso imezungushwa kwenye kifundo cha mguu wake. Aliingiza mikono mpaka masikioni. Alitoa moja, akaingiza mahali pengine. Mimi nilishika leso kwa nguvu zote, na bado sikuelewa ninashikilia nini.

Alitoka na shati kwanza, kisha kichwa. Mizizi myeusi ilikuwa imening'inia usoni kwa Odhis kama nywele za mtu mwingine. Nilivuta. Tulimlaza juu ya jiwe, akatapika maji na matope, akavuta pumzi kwa sauti kama mlango wa bati, ndipo akalia. Kiwiko cha Awuor kilikuwa kimechanika kwenye jiwe na damu ilikuwa inadondoka bila yeye kuiangalia.

"Nani alimwambia akanyage?" aliniuliza polepole.

Odhis katikati ya kilio akasema, "Niliambiwa ni kama kwetu." Awuor aliniangalia. Hakuuliza tena. Alimbeba Odhis mgongoni, tukarudi kwa njia ile ile, na tulipofika kwenye maporomoko alimsimamisha chini ya maji, akamtoa matope masikioni kwa kidole kidogo, taratibu, kama mama. Hakutuita watoto wa bomba tena.

Mama na Min Awuor walikuwa bado wamekaa pale pale kivulini. Mama aliinuka alipoona nguo za Odhis, akakaa, akainuka tena. Min Awuor aliongea na binti yake kwa Kijaluo, kisha, kwa sababu nilikuwa mgeni na mkubwa wa wenzangu, akanigeukia kwa Kiswahili na kuniuliza imekuwaje.

Niliangalia omena. Mmoja alikuwa amekauka amepinda, mdomo wazi.

"Awuor alituacha peke yetu," nikasema.

Haikuwa uongo. Kila neno lilikuwa la kweli, na nadhani ndiyo maana lilitoka kwa urahisi namna ile. Niliinua macho nikangoja Awuor aseme. Nilikuwa na uhakika atasema, mtu yeyote angesema. Hakusema. Min Awuor alivua sapatu yake, akampiga mgongoni na kwenye ule mkono wenye damu, na Awuor alisimama tu, akiangalia ziwa. Sijui kwa nini alinyamaza. Nimewaza kila sababu. Labda alijua kwamba kumwacha mgeni ni kosa lake hata kama mgeni ni mjinga. Labda alinihurumia. Labda alijua jambo ambalo mimi sikulijua kuhusu kwa nini tumekuja, na hakutaka kuliharibu, na kunyamaza kwake ndiko kulikoliharibu.

Kwa sababu mchana ule Mama alianza kukunja nguo zetu. Zilikuwa zimeshatolewa, zimepangwa kwenye sanduku la Min Awuor, pamoja na sare. Min Awuor alimfuata huku na huku akimsihi. Nilielewa neno la Kijaluo la "watoto," nikaelewa "hapana." Asubuhi tuliondoka. Awuor alitusindikiza mpaka barabarani, akampa Odhis matunda yale meusi kwenye karatasi. Mimi hakunipa kitu, wala hakunifanyia ubaya. Njia nzima Mama alisema mara nyingi, "Yule msichana," akatikisa kichwa. Odhis alilala mapajani mwake akiyasikia maneno hayo. Mtoto wa miaka saba huhifadhi anachosimuliwa. Tulipofika Nairobi, katika kumbukumbu yake, Awuor ndiye aliyemwambia akanyage. Sikumsahihisha.

Mama hakumaliza mwaka uliofuata. Baba alikuwa ameshatangulia, kwa hiyo tulimpeleka Mama kuzikwa nyumbani kwa kina Baba, mbali na ziwa. Min Awuor alikuja, na omena kwenye gazeti. Aliniita pembeni, nyuma ya jiko, akanieleza kwa Kiswahili chake cha taratibu. Kumbe safari ile haikuwa ya kuona ziwa. Mama alikuwa amekuja kutuacha. Walikuwa wameshakubaliana kila kitu asubuhi ile tukiwa kwenye mawe, mpaka shule tutakayoenda, mimi na Awuor darasa moja. "Halafu akasema hawezi kuacha watoto mahali ambapo hakuna wa kuwaangalia," Min Awuor aliniambia. "Sikumlaumu. Lakini nyumba iko pale, nyathina, mwanangu. Hata leo. Njooni wote watatu, msitawanywe."

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Ilikuwa rahisi pia kumwambia ukweli, maana Mama hakuwepo tena wa kunikasirikia. Nilifikiria kulala chumba kimoja na Awuor, kuamka kila siku nikiona kile kiwiko.

"Hapana, Mama," nikamwambia. "Tutarudi Nairobi. Nitafanya kazi. Nitawalea mimi."

Wajomba na mashangazi walilisikia hilo wakashangaa. Walinisifu mbele ya watu. Mzee mmoja alisema nimekomaa kuliko umri wangu, na wanawake wakalia. Nilirudi Silanga, nikaacha shule, nikafua nguo za watu, nikachota maji, baadaye nikajifunza kusuka. Tulilala njaa siku kadhaa lakini hatukulala mbalimbali. Achieng' leo ni fundi cherehani mwenye banda lake. Odhis ana watoto wawili. Hapa mtaani watu bado husema, huyo dada alisimama imara. Nami nilisimama, hilo silikatai. Lakini mpaka leo sijui kama nilisimama kwa sababu ya upendo au nilikimbia kwa sababu ya aibu, na miguu ilikuwa ile ile.

Min Awuor alifariki miaka mingi baadaye. Habari zilitufikia baada ya mazishi. Awuor yuko pale pale, ameolewa si mbali, anauza omena. Namba yake ninayo, nilipewa na mama mmoja wa sokoni anayetoka huko. Nimeihifadhi kwa jina lake na sijawahi kuipiga.

Jioni ile ya gambuti, mteja alipoondoka, nilimpa Odhis maji ya kuosha miguu. Alikaa kwenye stuli akijisugua, akaniambia wamefika mahali bwawa linaonekana. Maji kweli, meusi, lakini maji. Alisema amesimama ukingoni akakumbuka ziwa, na sasa anataka kuwapeleka watoto wake wakaone maporomoko shule zikifungwa.

"Na nitamtafuta yule msichana," akasema. "Yule aliyetaka kunizamisha."

Nilikuwa nakata sukuma. Sikugeuka. Nikamuuliza atamwambia nini.

"Nitamwambia nimemsamehe," Odhis akasema. "Tulikuwa watoto, sista. Mtu hawezi kubeba kitu kama hicho maisha yote."

Alifuta miguu yake, kidole kwa kidole, kama nilivyomfundisha. Akauliza kama nitakwenda naye, maana mimi ndiye ninayekumbuka njia. Nikamwambia nitakwenda. Nikamwambia akae ale kwanza. Ile harufu ilikuwa bado mlangoni, na simu ilikuwa pale juu ya meza, kati yangu na yeye, na nikaendelea kukata sukuma mpaka ikawa laini kuliko inavyohitajika.